Kofia ya Chuo na Anwani ya Kiwanda

Ninayo kofia niliyoinunua mitumbani, pale Karume, miaka mingi iliyopita. Mbele imetariziwa jina la chuo kikuu kimoja cha Marekani ambacho sijawahi kukikanyaga. Ndani, kwenye kitambaa kilichofubaa kwa jasho la mtu nisiyemjua, kuna lebo ndogo inayosema kwamba ilishonwa Jamhuri ya Dominika. Niliivaa muda mrefu bila kuisoma lebo hiyo. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa semina yangu aliniuliza kwa adabu zote, "Dokta, hapo ndipo uliposomea?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nilipoivua kuwaonyesha kwamba ni mtumba kama mitumba mingine, nikajikuta nawasomea ile lebo, na kutoka kwenye lebo tukaingia katika historia iliyotumalizia saa nzima ya semina iliyokuwa imetengwa kwa jambo jingine. Siku ile niliieleza kwa kurukaruka. Hapa najaribu kuiandika kwa utaratibu zaidi.

Tuanze na jina lililo mbele ya kofia. Nchini Marekani jina la chuo kikuu ni mali. Chuo husajili jina lake, rangi zake na picha ya mnyama aliye nembo ya timu zake, kisha huzipa kampuni za nguo leseni ya kuvitumia, nazo hukilipa mrabaha ambao katika miaka ya 1990 aghalabu ulikuwa kati ya asilimia 7 na 8 ya bei ya jumla. Mwishoni mwa miaka ya 1990 biashara hii ilikadiriwa kuwa ya dola bilioni 2.5 kwa mwaka. Lakini chuo hakishoni kitu, na kampuni yenye leseni nayo, mara nyingi, haishoni kitu. Hutoa oda kwa kiwanda cha mtu mwingine, Honduras, Mexico, Indonesia au Bangladesh, na kiwanda hicho hushindana na wenzake kwa tofauti ya senti. Mshonaji akidhulumiwa, mwenye kiwanda husema bei ya oda imemfunga mikono. Kampuni husema haikumwajiri mshonaji huyo. Chuo husema hakijui hata kiwanda kiko wapi. Kila mmoja husema kweli kwa kiasi chake, na dhuluma inabaki haina mwenyewe.

Mpangilio huu haukuzaliwa na utandawazi. New York ya mwanzo wa karne ya 20 iliujua vyema. Walikuwako wafanyabiashara waliosanifu nguo na kuziuza, ila ushonaji wakawaachia makandarasi wadogo waliopangisha vyumba, wakaweka cherehani na kuwakamua wahamiaji. Machi 25, 1911, moto uliteketeza kiwanda cha Triangle mjini humo. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana, baadhi wakiruka madirishani kwa sababu mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Msiba huo ulileta sheria za usalama. Mishahara ilikuja kuinuka kwa njia nyingine ambayo vitabu vingi huipita haraka: katika miaka ya 1920 na 1930 chama cha washonaji wa nguo za wanawake, ILGWU, kililazimisha mikataba iliyombana mwenye oda mwenyewe. Asipeleke kazi kwenye kiwanda kisicho na chama. Asihamehame kutoka kwa mkandarasi huyu hadi yule akisaka bei ya chini. Alipe bei inayomwezesha mkandarasi kulipa mshahara uliokubaliwa. Namwomba msomaji aishike nukta hii, maana tutairudia baada ya miaka sabini.

Kazi ilipovuka mipaka, mikataba ile haikuvuka nayo. Na hata ndani ya Marekani kwenyewe hali ya kale ilirejea: Agosti 1995, mjini El Monte, California, maofisa waliwakuta Wathai 72 wakishona nguo ndani ya jengo lililozungushiwa seng'enge zenye ncha kali. Mwaka uliofuata mtangazaji maarufu wa televisheni, Kathie Lee Gifford, alijikuta akilia mbele ya kamera baada ya kufichuliwa kwamba nguo zenye jina lake, zilizouzwa Wal-Mart, zilishonwa Honduras na mikono iliyojumuisha ya watoto. Rais Clinton akaziita kampuni, mashirika ya haki za binadamu na vyama vya wafanyakazi kwenye meza moja. Maandalizi ya chombo cha ukaguzi wa hiari, kilichokuja kuitwa Fair Labor Association, yakaanza. Novemba 1998 mapatano yalipofikiwa, chama cha washonaji UNITE, mrithi wa ile ILGWU, kilikataa kutia saini. Sababu zake hazikuwa ngumu kueleweka. Kampuni zilikuwa na viti ndani ya chombo chenyewe, ukaguzi ulifanywa na wakaguzi waliolipwa nazo, na suala la mshahara wa kumwezesha mtu kuishi liliachwa kiporo.

Wanafunzi waliingilia hapo. Majira ya kiangazi ya 1997 vijana kadhaa wa vyuo walikuwa wakifanya mafunzo ya kazi katika ofisi za UNITE, na wakaambiwa watafute jambo ambalo mwanafunzi anaweza kulifanya kuhusu viwanda vya jasho. Jibu lilikuwa vifuani mwao. Mtu mmoja akienda dukani kugomea fulana, kampuni haitetereki. Lakini chuo ni mshirika wa kampuni kwa maandishi. Kina mkataba, na mkataba unaweza kuandikwa upya. Vijana wa Duke walirejea chuoni na hoja hiyo, na Machi 1998 Duke ikapitisha kanuni za maadili kwa kampuni zote zenye leseni yake. Mwezi uliofuata UNITE ilitoa taarifa kuhusu kiwanda cha kofia kilichoitwa BJ&B, katika mji wa Villa Altagracia, Jamhuri ya Dominika. Kofia ya chuo iliyouzwa takriban dola 20 ilimwingizia mshonaji senti 8. Wafanyakazi wawili wa zamani wa kiwanda hicho, vijana wa rika lile lile la wanafunzi, walizungushwa vyuoni kueleza kwa vinywa vyao. Kiangazi hicho wanafunzi kutoka vyuo mbalimbali walikutana New York na kuunda umoja wao, United Students Against Sweatshops.

Kati ya Januari na Aprili 1999 ofisi za wakuu wa vyuo zilijaa mikeka ya kulalia. Duke walikaa saa 31 ndani ya jengo la utawala. Georgetown, Wisconsin, Michigan na North Carolina wakafuata, na Arizona vijana walikaa zaidi ya siku tisa. Madai yao makubwa yalikuwa yapi? Mtu angetarajia mshahara. Mshahara ulikuwamo, lakini dai waliloling'ang'ania kuliko yote lilikuwa anwani. Walitaka kampuni zitangaze hadharani jina na mahali pa kila kiwanda kinachoshona nguo za chuo.

Dai hilo huonekana dogo mpaka uitazame tena ile lebo ya kofia yangu. Imenitajia nchi, haikunitajia mtaa. Bila anwani, kanuni za maadili hazina pa kwenda kukaguliwa, na mshonaji anayeonewa hajui kwamba kofia iliyo mikononi mwake inafungwa na kanuni yoyote. Kampuni zilijibu kwamba anwani ni siri ya biashara, na kwamba mshindani akizijua atawaibia viwanda. Ni hoja ya ajabu, kwa kuwa katika kiwanda kimoja mara nyingi washindani hao hao huwa na oda zao kwenye meza zilizo jirani. Oktoba 1999 Nike ilitoa orodha ya viwanda zaidi ya 40 vilivyoshona bidhaa zake za vyuo, na wala haikufilisika.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Sisi tuliopita Mlimani tulilelewa na masimulizi ya Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu akawafukuza karibu 400 siku hiyo hiyo. Kiini cha maandamano yale, tukiacha mapambo, kilikuwa makato ya mishahara yao wenyewe ya baadaye. Sisemi hivyo kuwakejeli. Mtu kutetea mkate wake ni haki. Nasema kwa sababu darasani nimeulizwa zaidi ya mara moja: inakuwaje kijana wa Kimarekani, ambaye baba yake amelipa ada, alale sakafuni siku tisa kwa ajili ya mshonaji wa Honduras? Jibu langu ni kwamba alitambua, pengine kwa aibu, kwamba chuo chake kilikuwa kinakusanya mrabaha kutokana na mshono ule. Huruma pekee ingeishia kwenye bango. Aibu ya kuwa mshirika wa dhuluma ndiyo iliyomkalisha kwenye sakafu ya rais wa chuo.

Mwaka 2000 vita vilihamia kwenye swali la nani akague. Vyuo vingi vilikimbilia Fair Labor Association, kwa kuwa ilikuwa tayari na haikuudhi mtu. Wanafunzi wakaunda mpango wao, Worker Rights Consortium, wenye sharti kwamba kampuni zisiwe na kiti hata kimoja. Februari, vijana wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliikalia ofisi ya rais wao kwa siku tisa hadi chuo kikajitoa katika chombo cha kwanza. Huko Wisconsin polisi waliwakamata wanafunzi zaidi ya 50. Mpango ulipozinduliwa New York mwezi Aprili, vyuo zaidi ya 40 vilikuwa vimejiunga.

Kimojawapo kilikuwa Chuo Kikuu cha Oregon, alikosomea Phil Knight, mwanzilishi wa Nike. Siku chache baada ya chuo kujiunga, Knight alitangaza kwamba hatatoa tena mchango wowote kwa chuo hicho. Dola milioni 30 zilizokuwa zikitarajiwa kwa upanuzi wa uwanja wa mpira zikayeyuka. Kufikia mwaka uliofuata Oregon ilikuwa imejitoa katika mpango wa wanafunzi, na misaada ya Knight ikarejea. Wanaodai kwamba chuo kikuu hakina mwenyewe wapitie ukurasa huu polepole. Nasi huku ambako majengo ya vyuo yanaanza kupewa majina ya wafadhili tungefanya vyema kuusoma mara mbili.

Jaribio la kwanza la kweli lilikuja Januari 2001, katika mji wa Atlixco, jimbo la Puebla, Mexico. Kiwanda cha Kukdong, mali ya Wakorea, kiliwashonea Nike na Reebok masweta ya vyuo. Wafanyakazi walilalamikia chakula cha mkahawa wa kiwanda, nyama iliyooza, wakakisusia. Watano waliowaongoza wakafukuzwa. Mamia ya wenzao, wengi wao wasichana, wakaacha kazi na kuukalia uwanja wa kiwanda hadi polisi walipowatoa kwa virungu. Kiwandani chama kilikuwapo, tawi la shirikisho la CROC, ila kilikuwa na mkataba na mwajiri pasipo wafanyakazi kuulizwa, nao walikatwa ada ya chama wasichokichagua.

Hapa ndipo wanafunzi walipoonyesha ukomavu ambao wanaharakati wa mbali aghalabu huukosa. Jambo jepesi lingekuwa kusema: tususie nguo za Kukdong. Lakini wafanyakazi hawakuomba oda ziondoke. Walitaka kurudishwa kazini, na walitaka chama chao wenyewe, na vyote viwili vilihitaji kiwanda kiendelee kufanya kazi. Kwa hiyo shinikizo lote lililenga Nike ibaki na itumie nguvu ya oda yake. Wachunguzi wa Worker Rights Consortium walifika ndani ya wiki chache wakahoji watu na kuchapisha walichokikuta. Nike nayo, ikijua kwamba anwani imekwisha kujulikana, ikaleta mkaguzi wake. Waliofukuzwa wakarejeshwa. Septemba mwaka huo huo chama huru cha SITEMEX kikatambuliwa na kutia saini mkataba na kiwanda, ambacho sasa kilijiita Mexmode. Atakayeifahamu historia ya vyama bandia katika viwanda vya mauzo ya nje vya Mexico ataona jinsi jambo hilo lilivyokuwa adimu.

Ningependa simulizi ingeishia hapo. Villa Altagracia inakataa. Wafanyakazi wa BJ&B, wale wa senti 8, walipigania chama chao miaka kadhaa, viongozi wakifukuzwa na kurudishwa, na Machi 2003 wakapata mkataba wa pamoja wenye nyongeza ya mshahara. Ulikuwa ushindi wa nadra katika maeneo huru ya biashara ya nchi hiyo. Baada ya hapo oda zikaanza kupungua, wafanyakazi wakapungua nazo, na mwaka 2007 kiwanda kikafungwa. Kofia zikaendelea kushonwa kwingine kwa bei nafuu zaidi. Hakuna kanuni ya maadili iliyovunjwa: kanuni zilimkataza mwenye kiwanda kuvunja chama, hazikumlazimisha mwenye oda kubaki.

Wanafunzi walikuwa wameliona tatizo hilo mapema. Mwaka 2005 walipendekeza mpango wa viwanda teule: kampuni yenye leseni iagize sehemu kubwa ya bidhaa zake za chuo kutoka viwanda vyenye chama na mshahara wa kuishi, iagize kwa muda mrefu, na kwa bei inayotosha. Msomaji atakuwa ameshaitambua ile mikataba ya New York ya miaka ya 1930. Vyuo kadhaa viliunga mkono kwa maneno, wanasheria wakaleta hofu ya sheria za ushindani wa kibiashara, na mpango haukuwahi kutekelezwa kwa ukamilifu wake.

Wapinzani hawakuwa kampuni peke yake. Mwaka 2000 wanauchumi zaidi ya 200, Jagdish Bhagwati wa Columbia akiwa miongoni mwa vinara, waliwaandikia barua wakuu wa vyuo kuwaonya: mkipandisha gharama katika viwanda hivi, oda zitahama na maskini watapoteza kazi ambayo, kwa ubaya wake wote, ni bora kuliko iliyopo kijijini. Mwaka uliofuata wanazuoni wengine walijibu kwa barua yao kwamba mshahara wa mshonaji ni sehemu ndogo ya bei ya dukani kiasi kwamba ungeweza kupandishwa sana bila mnunuzi kuhisi. Binafsi sidharau barua ya kwanza. BJ&B inaithibitisha nusu. Nusu ambayo haikuithibitisha ni ile dhana kwamba kuhama kwa oda ni kama kuhama kwa mvua. Oda huhamishwa na mtu, ofisini, kwa saini.

Suala hili lilitugusa huku pia. Mei 2000, mwezi mmoja tu baada ya wanafunzi kuzindua chombo chao, Clinton alitia saini sheria ya AGOA, na viwanda vya nguo vikachipuka Athi River na Mombasa vikishonea soko lile lile la Marekani. Januari 2003, serikali mpya ya Kenya ikiwa ndio kwanza imeingia madarakani, maelfu ya washonaji wa maeneo hayo waligoma wakidai mengi ambayo Atlixco walikuwa wameyadai. Mwanzoni mwa 2005 mgao wa kimataifa wa nguo ulipoondolewa na China ikafunguliwa njia, viwanda kadhaa vya Kenya vilifunga milango.

Ushindi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa Honduras. Kampuni ya Russell Athletic ilitangaza Oktoba 2008 kufunga kiwanda chake cha Jerzees de Honduras, wakati chama kikiwa katikati ya majadiliano ya mkataba. Wafanyakazi 1,200 walipoteza kazi. Wachunguzi waliona kwamba chama kilikuwa sababu mojawapo. Wanafunzi walikwenda chuo kimoja baada ya kingine, na karibu vyuo 100 vikasitisha mikataba yao na Russell. Novemba 2009 kampuni ilikubali kufungua kiwanda kipya, kuwaajiri tena wale 1,200 na kutowazuia wafanyakazi wa viwanda vyake vingine nchini humo kujiunga na vyama. Sijui mfano mwingine wa kiwanda kilichofungwa kufunguliwa tena kwa namna hiyo.

Baada yake mambo yalikwenda kwa kasi. Nike ilitoa dola milioni 1.54 mwaka 2010 kwa wafanyakazi wa viwanda viwili vya Honduras vilivyofungwa bila kulipa mafao. Nchini Indonesia, mwenye kiwanda cha PT Kizone alitoroka mwaka 2011 akiwaacha wafanyakazi wapatao 2,800 bila kiinua mgongo. Adidas ilikataa kulipa kwa hoja kwamba deni si lake, Cornell ikavunja mkataba, vyuo vingine vikafuata, na mwezi Aprili 2013 Adidas ikafikia mapatano. Tarehe 24 ya mwezi huo huo jengo la Rana Plaza liliporomoka karibu na Dhaka na kuua watu 1,134. Vyumba vya jengo hilo vilikuwa vimewahi kupita mikononi mwa wakaguzi wa hiari.

Na Villa Altagracia? Mwaka 2010, katika mji ule ule ambao BJ&B iliuacha bila kazi, kampuni ya Knights Apparel ilifungua kiwanda cha fulana za vyuo kilichoitwa Alta Gracia, chenye chama, kilicholipa zaidi ya mara tatu ya kima cha chini cha kisheria cha maeneo huru. Wengi wa walioajiriwa walikuwa washonaji wa zamani wa BJ&B. Walikuwa zaidi kidogo ya mia moja; BJ&B enzi zake ilipata kuajiri wapatao 2,000. Mwanafunzi aliyeniuliza kuhusu kofia alitaka kujua wale wengine walikwenda wapi. Nilimwambia hilo lingefaa kuwa swali la tasnifu, naye akaliandika daftarini.